Kabla ya kuuliza kalibu ipi, hesabu risasi zako

MSIMU uliopita nilikuwa Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, kwa shughuli zangu za kufuatilia bei ya mpunga. Nikiwa mashineni nasubiri gunia za jamaa yangu zikobolewe, mzee mmoja ninayemheshimu alinisogelea. Tulisalimiana "kamwene" kama ilivyo ada, akaniuliza habari za mjini, kisha akatoa simu yake mfukoni.

"Mwanangu, wewe umesoma," alisema. "Kijana wangu aliyeko nje ananiambia huko watu wanajaza risasi wenyewe nyumbani. Anataka kuninunulia kifaa. Sasa kalibu ziko nyingi, nichague ipi?"

Mzee huyu ana bunduki ya kuwindia, tena anayo kwa leseni halali. Si gobole wala shotigani, bali ni bunduki ya risasi za kiwandani. Shamba lake liko upande ambao wanyama hupita usiku, na risasi anazifuata mbali kwa nauli na kwa bei inayomuumiza. Kwa hiyo swali lake halikuwa la mchezo, lilikuwa swali la mtu anayetaka kupunguza gharama za kulinda chakula chake.

Nilimjibu kwa kifupi siku ile. Lakini baadaye nimesikia swali hilo hilo kwa wengine, hivyo naona ni vema nilijibu kwa kirefu hapa. Nitaanza na kile alichouliza, yaani kalibu, halafu nitaeleza kwa nini naamini swali hilo linapaswa kutanguliwa na jingine.

Kalibu ni nini?

Ndugu msomaji, risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, fataki iliyo kwenye kitako cha ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachotoka na kwenda kwenye shabaha. Unapofyatua, fataki, baruti na kichwa vinakwisha kazi. Linalobaki ni ganda, ambalo ndilo sehemu ya gharama kubwa. Anayejaza risasi nyumbani anataka kulitumia ganda hilo kwa mara nyingine.

Tatizo ni kwamba ganda likishafyatuliwa huwa limetanuka. Joto na msukumo wa baruti hulibana kwenye kuta za chemba ya bunduki, nalo huchukua umbo la chemba ile. Mdomo wake unakuwa mpana kiasi kwamba hauwezi tena kushika kichwa kipya. Hapo ndipo inapohitajika kalibu, ambayo mafundi wengine huiita dai. Ni kipande cha chuma kigumu chenye tundu lililochongwa kwa kipimo cha risasi ya aina moja tu. Kalibu hufungwa kwenye presi, ganda linapakwa mafuta maalumu, mkono wa presi unashushwa, na ganda linaminywa lirudi kwenye kipimo chake. Pini iliyo katikati ya kalibu huisukuma nje fataki iliyokwisha, na kitufe kilicho juu ya pini hiyo huuweka sawa mdomo wa ganda. Kalibu ya pili ndiyo inayokalisha kichwa kipya kwa kina kinachotakiwa, baada ya fataki mpya na baruti kuwekwa.

Wakulima wa mpunga hawatapata shida kuelewa. Ni kama chekeche na mipira ya mashine ya kukoboa. Ukiweka chekeche lisilofaa au ukibana mipira kupita kiasi, mchele unakatika na bei inaanguka. Tofauti ni kwamba mashine ya mchele ikikosewa unapata chenga, lakini risasi ikikosewa hupasuka sentimita chache kutoka kwenye jicho lako.

Namna wanavyochagua wenye kuifanya kazi hiyo

Katika nchi ambako kazi hii ni ya kawaida, mnunuzi wa kalibu huangalia mambo makubwa manne.

La kwanza ni aina ya risasi. Kalibu ya .30-06 haiwezi kabisa kufanya kazi ya .375 H&H. Kila aina ya risasi ina kalibu zake, hivyo mwenye bunduki tatu za aina tofauti atahitaji seti tatu.

La pili ni umbo la ganda. Risasi nyingi za kuwindia zina mabega na shingo, kama chupa. Hizo kwa kawaida huwa na seti ya kalibu mbili. Lakini risasi ambazo ganda lake limenyooka, mfano .458 Winchester Magnum iliyotoka mwaka 1956 na iliyotumiwa sana na askari wa wanyamapori Afrika, mara nyingi huhitaji seti ya kalibu tatu, kwa sababu kazi ya kuupanua mdomo hufanywa na kalibu yake ya peke yake.

La tatu ni kama ganda liminywe lote au shingo tu. Kalibu ya kuminya shingo tu haichoshi ganda, hivyo ganda hudumu zaidi. Lakini inafaa kwa bunduki ya kukoki kwa komeo, tena kwa maganda yaliyofyatuliwa katika bunduki ile ile. Ganda lililotoka kwenye bunduki ya jirani lina umbo la chemba ya jirani, linaweza lisiingie kwako. Hapo ni lazima kalibu ya kuminya ganda lote. Bunduki inayojikoki yenyewe nayo inahitaji kalibu ya kuminya lote, ili ganda liingie na kutoka bila kukwama.

La nne ni namna ya kuirekebisha. Kalibu ikishushwa kupita kiasi, bega la ganda hurudi nyuma mno. Likiingia kwenye chemba linabaki na nafasi, na likifyatuliwa linavutika karibu na kitako. Ukirudia hivyo mara kadhaa ganda hukatika, na gesi ya moto hurudi kwa mpigaji. Risasi zenye mkanda kwenye kitako, kama .375 H&H iliyobuniwa Uingereza mwaka 1912, zinahitaji uangalifu zaidi hapo. Mkanda ule unaweza kuishika risasi isizame hata kama bega limerudishwa mno, hivyo mpigaji hapati dalili yoyote mpaka ganda lifike mwisho wake.

Kwa hiyo, kama mzee wangu angekuwa anaishi huko kwa kijana wake, ningemjibu hivi: una bunduki moja ya komeo na maganda ni yako mwenyewe, chukua seti ya kuminya ganda lote ya aina ya risasi yako, ijifunze kuirekebisha, na usisumbuke na kalibu za bei ya juu za washindani wa shabaha. Jibu lingeishia hapo.

Lakini mzee wangu anaishi Rujewa.

Hesabu ya mkulima

Mchumi anapoona kifaa, kabla ya kuuliza kipi ni bora huuliza kitafanya kazi mara ngapi. Trekta zuri kwa mwenye ekari mbili ni hasara, japokuwa trekta lenyewe halina kosa.

Tupige hesabu ya mfano. Hizi si bei za dukani, ni namba za kutusaidia kuona njia. Tuseme risasi moja ya kununua, ukijumlisha na nauli, inakugharimu shilingi 10,000. Tuseme ukijaza mwenyewe inakugharimu shilingi 5,000 kwa fataki, baruti na kichwa. Umeokoa 5,000. Sasa presi, seti ya kalibu, mizani ya kupimia baruti, kipimio cha urefu na kifaa cha kukatia ganda linaporefuka, tuseme vyote kwa pamoja na usafiri ni shilingi 1,500,000. Gawanya kwa 5,000 unapata risasi 300. Hapo ndipo mtaji unarudi, kabla hujapata faida hata ya shilingi moja.

Nilimuuliza mzee anafyatua risasi ngapi kwa mwaka. Alifikiri, akasema labda sita, na nyingi ni za kutishia tu. Risasi 300 kwa sita kwa mwaka ni miaka 50. Alicheka, akasema kifaa hicho atakirithi mjukuu.

Huko kwa wenzetu hesabu hutoka kwa sababu mtu anafyatua risasi nyingi kwenye viwanja vya shabaha, wengine mamia kwa mwaka. Hata hivyo, biashara yenyewe ya kalibu ilikua kutokana na uhaba. Kampuni maarufu ya RCBS ilianzishwa na Fred Huntington huko Oroville, California, mwaka 1943, wakati wa vita, bidhaa zikiwa adimu. Yeye alianza na kalibu za kutengenezea vichwa vidogo vya kuwindia, akitumia maganda yaliyokwisha kazi. Mzee wangu naye anasukumwa na uhaba, hilo nakubali. Anachokosa ni wingi wa risasi za kuibebesha gharama ile.

Je, wakichanga kumi?

Wapo watakaosema: wakulima kumi wachange, wanunue presi moja. Hoja hii ina uzito, tena kiuchumi ni nzuri. Watu kumi wenye risasi sita kila mmoja ni risasi 60 kwa mwaka, na mtaji ungerudi kwa miaka mitano.

Lakini itazame kwa karibu. Kwanza, kumi hao hawana bunduki za aina moja. Wakiwa na aina nne za risasi, watanunua seti nne za kalibu, na ile miaka mitano inarefuka. Pili, maganda yatachanganyika, hivyo kila ganda litaminywa lote na litachoka mapema. Tatu, na hili ndilo kubwa, mmoja wao atakuwa anatengeneza risasi kwa ajili ya wengine tisa. Huyo si mkulima tena, ni kiwanda.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015, haikuacha jambo hili wazi. Kutengeneza risasi kunataka leseni ya kutengeneza. Leseni ya kumiliki bunduki haikupi ruhusa hiyo, kama vile leseni ya kuendesha gari isivyokupa ruhusa ya kufungua gereji ya kuunda magari. Baruti nayo ina sheria yake tangu mwaka 1963. Kwa mantiki hiyo, anayeagiza kalibu, fataki na baruti kwa mlango wa nyuma anaweza kuipoteza bunduki yake ya halali, leseni yake, na uhuru wake, kwa kuokoa shilingi 30,000 kwa mwaka.

Afrika Kusini, ambako wenye leseni wanaruhusiwa kujaza risasi kwa matumizi yao, sheria yao ya mwaka 2000 iliweka mipaka, mathalani mtu binafsi asimiliki fataki zaidi ya 2,400 bila kibali. Maana yake ni kwamba wameruhusu huku wakihesabu. Kwetu mfumo huo haupo, na mkulima wa Rujewa asijifanye mtu wa kuufanyia majaribio kwa mwili wake.

Ndugu zao wa gobole

Tusijidanganye kwamba kujaza nyumbani ni jambo geni. Mwenye gobole anafanya hivyo kila siku: baruti ya kienyeji, kipande cha nondo au gololi, na fataki ya kubahatisha. Hana kalibu, hana mizani. Anapima kwa kiganja.

Baruti ya risasi za kisasa hupimwa kwa greini, na greini moja ni kama gramu 0.065. Mizani yetu ya sokoni haiwezi hata kuiona. Anayeichukua tabia ya gobole na kuipeleka kwenye bunduki ya kisasa, ambayo msukumo wake ni mkubwa mara nyingi zaidi, anatafuta kilema. Aidha, magobole mengi hayana kibali. Serikali ilishatangaza vipindi vya msamaha wa kuyasalimisha kwa hiari, mfano kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31 mwaka 2023. Kipindi kama hicho kikitangazwa tena, mkulima mwenye busara asikipoteze.

Risasi hailindi kila kitu

Baada ya hesabu ile nilimuuliza mzee swali la pili: ni nani hasa anayekula mpunga wako? Alitaja ndege kwanza.

Kwelea kwelea mmoja ana uzito wa kama gramu 20 na anaweza kula kama gramu kumi za nafaka kwa siku. Kundi la ndege 1,000,000 linamaliza tani kumi kwa siku. Hapo hakuna bunduki, wala kalibu ya aina yoyote. Dawa yake ni kutoa taarifa mapema ili viota vinyunyiziwe, kupanda kwa wakati mmoja na majirani, na kuamia.

Wanyama wakubwa ni jambo jingine. Lililokuwa Pori la Akiba la Usangu liliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, na mashamba na hifadhi vimekaa mlango kwa mlango. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, inatambua haki ya mtu kujitetea dhidi ya mnyama, lakini ni lazima atoe taarifa, na nyara ni mali ya serikali. Hata hivyo tembo au kiboko aliyejeruhiwa usiku kwa risasi dhaifu iliyojazwa jikoni ni hatari kuliko aliyekuwa mzima. Atakayekutana naye alfajiri ni mtoto anayekwenda shule.

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao, kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari kutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, mwisho ekari tano. Shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka halikuhesabiwa kabisa. Kwa familia ya mtu aliyeuawa iliwekwa shilingi 1,000,000. Nani atasema kwamba fedha hiyo inalingana na gunia zilizopotea, achilia mbali roho ya mtu? Ndiyo maana watu wanafikiria kujitengenezea risasi. Kosa la mzee wangu, kama ni kosa, linatokana na huduma iliyo mbali naye.

Sasa tufanye nini?

Maoni yangu ni haya. Ile hesabu ya watu kumi imetuonyesha kwamba gharama inashuka watu wanapoungana. Basi tuungane kwa kitu kilicho halali. Umoja wa wamwagiliaji wa mfereji mmoja unaweza kuagiza risasi za kiwandani kwa safari moja, kila mwenye leseni akiwa na kibali chake, nauli ikagawanywa. Unaweza kuajiri walinzi wa zamu usiku wenye tochi kali, madebe na filimbi. Unaweza kuweka kamba zenye vitambaa vilivyopakwa pilipili na oili chafu. Kule Sagalla, Taita, nchini Kenya, wakulima walizungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya, kila baada ya mita kumi. Tembo huogopa nyuki, na mizinga hiyo huleta asali. Sijaona kalibu inayotoa asali.

Kwa wafanyabiashara wadogo nasema: fursa haipo kwenye kuagiza presi na kalibu kwa siri. Fursa ipo kwenye kuomba leseni ya kuuza risasi karibu na wakulima, pale sheria inaporuhusu. Pia ipo kwenye kuuza tochi, waya, mizinga na oili kwa wakulima wa mpakani.

Na kwa serikali: risasi halali ikiwa mbali na ghali, risasi haramu itakuwa karibu na rahisi. Nchi ina kiwanda chake, Shirika la Mzinga pale Morogoro. Kama kuna haja ya kushusha bei ya risasi kwa mwenye leseni anayelinda shamba, kazi hiyo ifanywe na wenye kalibu zinazokaguliwa na mizani inayopima. Askari wa wanyamapori nao wawe karibu kiasi cha kufika usiku ule ule. Wakifika kesho yake watakuta nyayo tu.

Mzee wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Mchele wake ulikuwa umeshatoka, akauchota kiganjani na kuutazama kama umekatika. Kisha akasema atamwandikia kijana wake kwamba fedha ile ya kifaa aitume, lakini itanunua waya na mizinga, na kinachobaki kitalipa mlinzi wa zamu.

"Na bunduki?" nikamuuliza.

"Bunduki ipo," alisema. "Risasi sita kwa mwaka nitazinunua."

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo. Maoni haya ni yake binafsi.